Nyumba Isiyokaa na Vyombo Vyake

Siku niliyorudi Lushoto na diploma yangu ya utalii, nilimkuta Bibi Mtunzaji amekalia kiti cha bembea cha marehemu Tajiri. Kwa kanuni zote za makumbusho nilizosoma, kiti kile kilikuwa cha kutazamwa tu. Yeye alikuwa amejinyoosha juu yake kama paka jikoni, mkono mmoja una kisu na mwingine una peasi, kikombe cha chai ya maziwa kikifuka moshi pembeni, na maganda akiyadondoshea kwenye sahani ya kaure ambayo nayo ilikuwa ya kutazamwa.

Niliingia na suti yangu. Akanikagua kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, kama anayenunua mbuzi.

"Hujapiga hodi," akasema.

"Shikamoo, Bibi. Haya ni makumbusho. Makumbusho hayapigiwi hodi."

"Marahaba. Toka nje, upige hodi."

Mimi nimewahi kumpokea waziri kwenye hoteli ya nyota tano kule Doha, na waziri mwenyewe akaniuliza jina. Nikatoka. Nikapiga hodi kama mama yangu alivyonifundisha, na kutoka ndani ikaja sauti tamu kabisa, ya mtu ambaye hajawahi kuniona maishani mwake, na salamu ya Kishambaa ndani yake: "Karibuuu. Onga mshi, mwanangu. Pita, pita, huko nje kuna baridi."

Basi tukaanza hivyo, na nimecheka naye miaka yote iliyofuata, hata siku nilizokuwa nimemkasirikia mpaka masikio yananiwaka.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitasema, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na majibu mengi na yote aliyatoa kwa uso mkavu. Mjini kila mtu alimwita kwa kazi yake, Bibi Mtunzaji, na kazi hiyo aliipataje nayo ni hadithi yenye matawi. Wengine aliwaambia alikuwa mpishi wa nyumba ile. Wengine, kwamba alishona nguo barazani kwa cherehani ya Tajiri. Mimi aliniambia alikuja kununua chumvi, Tajiri akamwomba amshikie funguo mara moja aende Tanga, na huko Tanga akafa. "Kwa hiyo bado nangoja chumvi yangu," akamalizia.

Na mimi nijieleze kidogo, maana msomaji ana haki ya kujua picha hii anaichora nani. Nimesomeshwa na kabichi. Nilizibeba kichwani kutoka kwetu, juu ya Magamba, mpaka soko la Lushoto, asubuhi ukungu ukiwa umekaa barabarani huoni hata vidole vya miguu yako. Chuo nilijilipia mwenyewe kwa kuosha vyombo hotelini Dar es Salaam. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kutoka kuosha vyombo nikapanda mpaka kuvaa tai, kutoka Dar mpaka Unguja, kutoka Unguja mpaka Ughaibuni, kisha nikarudi kwa hiari yangu, na gari nikanunua, na nyumba ya matofali nikajenga. Wapo waliosema nisingerudi. Wengine wao sasa wananiomba niwasomee barua za Kiingereza. Kamati ndogo ya wazee wa mji iliposikia narudi, ikanipa usimamizi wa Nyumba ya Tajiri, na ilistahili kunipa. Ila haikuniambia kwamba funguo zina mwenyewe.

Nyumba yenyewe unaifahamu kama umewahi kupita mtaa wa sokoni. Ni ile ya ghorofa moja, kuta nene za mawe, bati lililoiva wekundu, na roshani ya mbao inayochungulia barabara. Aliijenga mfanyabiashara aliyepanda mlima kutoka Tanga na punda wa mizigo, akauza chumvi, mafuta ya taa na vitambaa, akanunua kahawa na nta. Chini duka, juu vyumba, nyuma ua wa kupikia. Kaunta ya mninga bado ipo, imelika pale viwiko vya wateja vilipoegemea. Familia ilihamia Dar es Salaam zamani, ikaiacha nyumba kwa maneno tu kwamba mji uitunze, na mji ukaigeuza makumbusho.

Bibi Mtunzaji alivaa kanga mbili, juu yake koti la kiume la sufu lililomfika magotini, na chini mabuti ya mvua, kiangazi na masika. Alikuwa mfupi, lakini koti lile lilimpa cheo. Wageni wengi walidhani ndiye mwenye nyumba, naye hakuwahi kumsumbua mtu kwa kumsahihisha.

Kuwatembeza wageni alikujua kuliko alivyojua ukweli. Chukua kile kiti cha bembea. Siku moja nilimsikia akiwaambia wanakwaya wa Kilutheri kwamba mchungaji wa kwanza wa milima hii alikikalia akatunga mahubiri yake mazuri kuliko yote. Kesho yake wakaja walimu wa madrasa, na kiti kikawa kimekaliwa na shehe mmoja mkubwa kutoka pwani, aliyesifu baridi yetu mpaka akalia. Walipokuja Wajerumani, akawaambia gavana wao alikitaka sana kiti hicho, Tajiri akamnyima, gavana akasimama mchana kutwa. Wajerumani wale wakakitazama kiti kwa aibu, mmoja akaomba radhi.

Nikamvuta pembeni. "Bibi, jana kiti kilikuwa cha shehe."

"Jana walikuja wa madrasa."

"Na juzi cha mchungaji."

"Sasa ulitaka wanakwaya niwape shehe? Diploma, mgeni ametoka mbali. Mpe mtu wake."

Hilo likawa jina langu, Diploma. Alianza kwa kunikejeli, sokoni wakalidaka, na leo hata mke wangu akinihitaji haraka ndilo analotumia. Silikatai. Wapo wanaoitwa kwa majina mabaya zaidi, na diploma ninayo kweli.

Lakini kilichonitoa jasho si uongo wa kiti. Wiki yangu ya kwanza niliandika vibandiko vizuri, Kiswahili na Kiingereza, nikavifunika kwa plastiki, nikavibandika kila mahali. *Karabai ya Tajiri. Mizani ya shaba. Tafadhali usiguse.* Asubuhi moja nikakuta rafu ya jikoni ina kibandiko, sufuria haipo. Nazungumzia ile sufuria kubwa ya shaba, ambayo mtu mzima akikaa ndani yake unamwona kichwa tu.

"Bibi, sufuria iko wapi?"

"Msibani."

"Msiba gani?"

"Wa waliofiwa."

Nikakaa chini. "Unaazimisha mali ya makumbusho?"

"Siazimishi. Imekwenda kazini. Wewe huendi kazini?"

Ndipo nikajua kwamba Nyumba ya Tajiri ilikuwa haikai na vyombo vyake. Sufuria zilikwenda kwenye harusi, maulidi na matanga. Karabai ilikwenda kwenye mikesha umeme ukikatika. Cherehani ilikwenda kwa mafundi wakati wa sare za shule. Mizani ilikwenda sokoni siku ambayo wanunuzi wa nje wamekuja na mizani yao isiyoaminika. Saa ya ukutani ndiyo pekee ilitulia, kwa kuwa ilikuwa mbovu.

Na usidhani ilikuwa holela. Anayetaka chombo alikuja mwenyewe, akapiga hodi, akakaa barazani, akahojiwa. Mnapika nini? Nani anasimamia moto? Yule dada yako mvivu atakuwepo? Ukoo mmoja uliwahi kuunguza maharage ndani ya ile sufuria kubwa, na waliwekewa marufuku mpaka bibi yao mzaa baba alipoteremka mlima mwenyewe, na mkongojo wake, kuja kuomba radhi. Chombo kilisuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka uone meno yako. Na kilirudi na kitu ndani, maana kwetu huku huwezi kumrudishia mtu chombo chake kitupu ukamtazama usoni. Kwa hiyo makumbusho yetu yalinuka pilau. Kabati la vioo lilikuwa na bakuli za wali kati ya vikombe vya kale. Mgeni mmoja aliniuliza kwa heshima kama harufu ile tunaitoa kwa mashine.

Sufuria ile ya msibani iliporudi, ilikuwa na ubwabwa, na chini kabisa, kwenye ukoko, kulikuwa na kibandiko changu kimeiva: *Tafadhali usiguse.* Bibi alikibandua kwa kisu, akanikabidhi kwa mikono miwili kama zawadi.

Nilimfuata na hoja zote za chuo. Nikamwambia kuhusu kuhifadhi, kuhusu urithi, kuhusu shaba inavyolika. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono mpaka stoo, kwenye birika moja lililotoboka ambalo halikuwa likitoka. Akalifunua. "Nusa." Nikanusa. Sitaeleza. "Hilo limehifadhiwa," akasema.

Na bado mtu huyu huyu hakutoa mwavuli wake. Mvua ya Lushoto haikuombi ruhusa, na siku moja nilihitaji kuvuka tu mpaka sokoni.

"Bibi, niazime mwavuli."

"Mwavuli ni wangu."

"Juzi umetoa gramafoni nzima."

"Gramafoni ni ya Tajiri."

"Sasa mwavuli je?"

"Mwavuli ni wangu, nimekwambia. Kimbia, utafika."

Hakutoa mwavuli, hakutoa kikombe chake, alichokificha nyuma ya makopo ya mbegu, na hakutoa hata kipande cha peasi lake. Vyake vilikuwa vyake kabisa. Mali ya marehemu ndiyo iliyokuwa ya umma.

Tena alikosea, sikufichi. Ile gramafoni ilikwenda Rangwi kwenye jubilei ya ndoa ya wazee fulani, ikapotelea huko. Kila nilipouliza aliniambia iko njiani, kama mtu anayemngojea mkwe. Siku iliporudi ilikuwa juu ya bodaboda, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na abiria nyuma amejivika ile pembe yake kubwa kichwani asinyeshewe. Sokoni kazi ilisimama. Bibi alitoka roshanini akatazama chini kwa utulivu. "Si niliwaambia iko njiani," akasema.

Basi, katika kucheka kwetu huko, mjukuu wa Tajiri akanipigia simu.

Alikuwa mama wa makamo, anaishi Dar es Salaam, sauti yake ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Akaniambia ukweli bila kuzunguka. Kaka zake wamepata mnunuzi anayetaka kuibomoa nyumba na kujenga ghorofa la wageni wa kulala. Yeye peke yake bado hajakubali. Atakuja Jumatatu aone kwa macho yake. Akikuta makumbusho ya kweli, atasimama mbele ya kaka zake. Akikuta stoo ya vitu vya zamani, naye atatia saini.

Nikamweleza Bibi. Alikuwa anafuta kaunta kwa ncha ya kanga, na mkono ukasimama.

"Wabomoe kaunta pia?" akauliza.

"Kila kitu, Bibi."

Akaendelea kufuta, pale pale palipokwisha kung'aa. "Jumatatu kila kitu kitakuwa hapa. Hata kijiko."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi kuna harusi Magamba. Diploma, watu walishapewa ahadi."

Nikakubali, kwa kuwa Jumatatu si Jumamosi. Mjukuu wa Tajiri akaja Jumamosi.

Nilikuwa peke yangu, nimevaa mabuti, nafagia. Gari likasimama, akashuka, akapiga hodi vizuri kabisa. Nikamwamkia shikamoo. "Nimeona nije kabla sijasubiriwa," akasema, akiwa anavua glavu zake za kuendeshea.

Mwanamke yule alianza kutembea nyumba ya babu yake. Akasimama mbele ya rafu. "Sufuria ya shaba," akasoma. Akatazama rafu. Rafu ilikuwa tupu. Akasogea. "Karabai ya Tajiri." Msumari. "Mizani ya shaba." Alama ya vumbi yenye umbo la mizani. Harusi ile ilikuwa kubwa. Walikuwa wamechukua mpaka kiti cha bembea kwa ajili ya babu wa bibi harusi, na kibandiko changu kilikuwa kimebaki sakafuni peke yake: *Usikalie.*

"Sijui ningekikaliaje," akasema.

Hapo ndipo mtu anapojua thamani ya elimu. Nikanyoosha mgongo, nikasema kwa sauti yangu ya Doha, "Mama, leo tuna maonyesho ya nje."

"Yako wapi?"

"Magamba."

Akanitazama. Nadhani alijua. Lakini alikuwa ametoka Dar es Salaam, amepanda kona zote za Mombo, na hakuwa tayari kurudi bila kuona hata kijiko. "Twende," akasema.

Uwanja wa harusi ulikuwa chini ya msitu, maturubai yamefungwa kwenye misonobari, spika zinangurumia bonde zima. Na huko kweli kulikuwa na maonyesho. Mizani ilikuwa inapima nyama. Karabai imening'inizwa tayari kwa jioni. Babu wa bibi harusi alikuwa anabembea kwenye kiti, amelala. Kwenye moshi, juu ya mafiga, ilikaa ile sufuria kubwa, na mbele yake Bibi Mtunzaji katika koti lake, ameshika mwiko mrefu kama kasia, anaamrisha.

Akamwona mgeni wangu amevaa kitambaa kizuri cha mjini, akaamua papo hapo kwamba ni wa upande wa mama wa bibi harusi, waliokuwa wanasubiriwa tangu asubuhi.

"Nyie wa Tanga mmechelewa kama kawaida yenu," akamwambia. "Ungo huo hapo. Chambua mchele."

Nikaanza kumkonyeza Bibi kwa macho yote mawili.

"Diploma, moshi umekuingia? Nenda kanawe."

Nikafungua mdomo, lakini mjukuu wa Tajiri akaniinulia kiganja ninyamaze. Akamwambia Bibi shikamoo, akavuta kigoda, akakaa kati ya wanawake, akauweka ungo mapajani.

"Sufuria kubwa hii," akasema baada ya kitambo. "Ya nani?"

"Ya Tajiri," akajibu aliyekuwa anamenya vitunguu. "Marehemu. Mimi niliolewa nayo."

"Mimi nilifiwa nayo," akasema mwingine. "Na kuolewa tena nayo."

"Alikuwa mtu mwema basi, huyo Tajiri."

Wanawake wakacheka mpaka kisu kikadondoka. "Mwema? Mchoyo yule. Mama yangu anasimulia, chumvi aliipima na kidole kikiwa juu ya mizani."

"Kidole kipi?" akauliza mjukuu, bila kuinua uso.

"Cha mwisho, kile chenye pete. Ili kiwe kizito."

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini mabega ya mjukuu yalikuwa yanatikisika, na si kwa kilio.

"Sasa mchoyo namna hiyo alitoaje sufuria?"

"Hakutoa," akasema Bibi Mtunzaji. Akaacha kukoroga, akaegemea mwiko. "Akiwa hai, sufuria hii ungeiona ndotoni. Ninayetoa ni mimi. Namsaidia."

"Unamsaidia nini?"

"Kutoa. Amechelewa, lakini anatoa. Kila harusi wanamwombea dua, kila msiba wanamtaja. Bila hivyo nani angemkumbuka yule? Kwa kidole kile?"

Mjukuu akauweka ungo chini. "Bibi," akasema, "mimi ni mjukuu wake."

Mwenye vitunguu alijifunika uso kwa kanga. Bibi Mtunzaji aliinama, akautazama ule ungo, akapitisha kidole kwenye mchele.

"Umeacha mawe," akasema. "Babu yako naye alikuwa hayaoni. Yanaongeza uzito."

Aliyeangua kicheko wa kwanza ni mjukuu mwenyewe, akacheka mpaka akashikiliwa asianguke na kigoda. Alikula pilau kwa mkono, akacheza mduara na akina mama, akamwamsha mzee kwenye kiti ili na yeye akikalie kidogo. Jioni aliondoka na kanga ya sare aliyofungwa kiunoni.

Baada ya wiki chache akapiga simu. Nyumba haitauzwa. Amewakalia kooni kaka zake mpaka wamekubali. Ila wamekubali kwa sharti moja, na sharti hilo hakuweza kulivunja hata yeye: vyombo visitoke tena. Siku kitu kimoja kitakapoonekana nje ya nyumba ile, mnunuzi ataitwa.

"Hata kijiko?" akaniuliza Bibi.

"Hata kijiko."

Akalifikiria. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza. Akachukua kikombe chake nyuma ya makopo, akachukua mwavuli wake, akaziweka funguo juu ya kaunta. "Nyumba ya vitu vilivyokaa wewe ndiye umeisomea," akasema. "Mimi ningewaponza." Akapanda Magamba kwenye bustani yake ya kabichi na karoti.

Nikawa mtunzaji. Na kazi niliifanya, asikudanganye mtu. Nilipaka rangi, nikapanga taa, nikaandika vibandiko vipya, wageni wakaja na kupiga picha na kusema safi sana. Shaba iling'aa kama dhahabu. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Ila barazani hapakukaa mtu tena kuhojiwa, na maharusi wakaanza kukodi sufuria za bati kutoka Mombo, nyepesi, zinazounguza. Watu wa mtaa walipita mbele ya mlango wakiangalia upande mwingine, kama mtu anavyopita kwa jirani aliyekosana naye. Nilikuwa na makumbusho safi kuliko yote ya mkoa huu, na mara nyingine mchana mzima niliongea na saa mbovu.

Ikaja siku ya manyunyu, ukungu umeteremka mpaka kwenye bati.

"Hodi."

Sauti ile niliijua, nikatoka nyuma ya kaunta mbio. Koti lilikuwa lile lile, ila yeye alikuwa amepungua ndani yake. Hakwenda kwenye kiti. Alisimama mbele yake akasoma kibandiko polepole, kisha akakubali kwa kichwa. "Umeandika vizuri."

"Hongea, Bibi," nikashukuru kwa Kishambaa, maana Kiswahili kilikuwa kimenikauka. "Karibu ukae."

"Imeandikwa nisikae." Akaenda dirishani. "Mjukuu wangu anaolewa. Yule niliyemlea."

"Hongera sana, Bibi."

"Jumamosi."

Mvua ikawa inatembea juu ya bati.

"Bibi, sufuria haitoki," nikasema.

"Nimekuomba sufuria?"

"Hujaniomba."

"Basi usinijibu." Akaingia jikoni, nami nyuma. Akaigonga ile kubwa kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio wake mpaka ukaisha. "Nikiichukua, watabomoa?"

"Watabomoa."

"Kaunta pia."

"Kaunta pia."

"Basi usinipe. Hata nikikulilia, usinipe." Akanipa mgongo, akajifanya anatengeneza kola ya koti. Alikuwa amewaozesha watoto wa nusu ya wilaya kwa sufuria ile, na wa kwake mwenyewe angeolewa kwa sufuria za kukodi.

Mimi, niliyewajibu wageni wa mataifa yote, nilisimama pale nimeshika funguo kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Nikatazama nje ya mlango wa jikoni. Mvua ilikuwa inapungua juu ya ua, ule ua mpana ambao nilikuwa nimeuwekea kamba wageni wasiukanyage.

"Bibi," nikasema. "Mafiga ya uani bado yapo."

Hakugeuka mara moja. "Yapo?"

"Yapo. Sufuria haitoki, na wala haina haja. Kutoka hapa jikoni mpaka kwenye mafiga bado ni ndani ya nyumba."

Akageuka. "Na watu wakae wapi?"

"Dukani, barazani, juu. Popote."

"Na vibandiko vyako?"

"Nitavitoa."

Wazo hilo lilikuwa langu. Naliandika hapa lisipotee, kwa sababu yeye anawaambia watu lilikuwa lake.

Kilichofuata sikukipanga. Bibi Mtunzaji alivua mabuti akayaweka mlangoni, akapanda ngazi, akafungua madirisha yote niliyokuwa nimeyafunga kwa ajili ya unyevu, chumba baada ya chumba. Akakisogeza kiti cha bembea ukutani kwa goti. Nikamwambia ngoja, Bibi, lazima kwanza niombe ruhusa Dar es Salaam. "Omba," akasema, "nani amekuzuia?" Nikapiga. Simu ikawa inaita, na yeye tayari yuko roshanini, amejiinamia barabarani na koti lake, sauti ile ile tamu ya kumkaribisha mgeni imerudi yote.

"Jumamosi, hapa hapa!" akawa anawaambia walioko chini. "Wewe wa mapeasi, njoo na watoto. Na wewe wa bodaboda, usinifanye sikuoni."

Watu wakaanza kusimama chini ya mvua wakitazama juu. Dar es Salaam ikapokea. Nikaeleza haraka haraka, harusi, ua, mafiga, kola ya koti, yote.

"Kinatoka kitu?" akauliza mjukuu wa Tajiri.

"Hakitoki hata kijiko, Mama. Wanaingia watu."

"Watu gani?"

Nikachungulia juu ya bega la Bibi. Mialiko yake ilikuwa imefika kwa askari wa zamu.

"Sijui, Mama. Bado anawaalika."

Nikaubana mkono wangu kwenye mbao za roshani.

"Mwulize," akasema, "kama na mimi nimo."